Mungu, watu, moyo au akili: mema na mabaya tunayajulia wapi?

Mtoto wetu wa miaka sita alirudi nyumbani na kichongeo kisicho chake. Kilikuwa chekundu, chenye umbo la gari dogo, na magurudumu yake yalizunguka kweli. Mama yake alikiona kikidondoka mfukoni alipokuwa anamvua kaptula.

"Hiki cha nani?"

"Cha mwenzangu."

"Amekupa?"

Kimya. Halafu, badala ya kulia kama tulivyotarajia, akauliza swali ambalo sisi watu wazima huwa tunalikimbia: "Kwani kuchukua ni vibaya kwa nini?"

Tulikuwa wanne pale sebuleni, na kila mmoja alikuwa na jibu lake mdomoni. Bibi yake alitangulia: "Mjukuu wangu, hata kama sisi hatukukuona, Mungu amekuona." Kaka wa mama yake akadakia: "Sasa mjomba, watu wakijua watasema tumelea mwizi. Uso wako utauweka wapi?" Mama yake akamrudishia swali: "Na mwenzako saa hizi anachongea na nini?" Mimi baba yake, mpenda hoja, nikaona niwazidi wote: "Kila mtoto darasani akichukua anachokitaka, wewe chako kitabaki?"

Akanitazama, akafikiri kidogo, akasema: "Changu nitakificha."

Nitarudi kwenye aibu yangu hiyo baadaye. Majibu yale manne ndiyo ninayotaka kuyaweka bega kwa bega hapa. Bibi anaona mema na mabaya yanatoka kwa Mungu. Mjomba anaona yanatoka kwa watu, yaani malezi, jamii na jina la ukoo. Mama anaona yanatoka ndani, kwenye moyo unaohisi uchungu wa mwingine. Mimi niliegemea akili. Wengi wetu huyatumia yote kwa zamu bila hata kujua. Tatizo huja siku yanapogongana, maana hapo lazima moja litangulie.

Kabla ya kwenda mbali, kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya mpaka wanagombana bure. La kwanza: jambo linakuwa ovu kwa sababu gani? La pili: mtu huyu amejuaje kwamba ni ovu? Anayesema "kwa Mungu" mara nyingi anajibu la kwanza, na anayesema "kwa wazazi wangu" anajibu la pili, na wote wawili wanaweza kuwa wamesema kweli. Hata vitabu vitakatifu havikulifungia jambo hili mlango mmoja. Aya ya 8 ya Suratu Shams inasema nafsi ilifahamishwa uovu wake na ucha Mungu wake. Waraka kwa Warumi, 2:15, unazungumzia watu wasio na sheria ya Musa ambao kazi ya sheria imeandikwa mioyoni mwao, dhamiri zao zikiwashuhudia. Kwa hiyo mwenye imani anaweza kusema chanzo ni Mungu na njia ni moyo, na asiwe amejipinga.

"Mungu amekuona"

Jibu la bibi lina nguvu ambayo mengine hayana: linafanya kazi gizani. Pale ambapo jamii haipo, aliyeumizwa humjui, na hoja zimelala, anabaki Yule asiyelala. Wasiopenda dini husema huo ni woga tu, kama wa mtoto anayeogopa kiboko. Mimi siafikiani nao. Kati ya mwaka 1940 na 1944, watu wa Le Chambon-sur-Lignon, kijiji cha milimani Ufaransa, pamoja na vijiji vya jirani, waliwaficha Wayahudi kwa maelfu, wengi wao watoto, wakati serikali yao wenyewe ilikuwa ikishirikiana na Wanazi. Walikuwa Waprotestanti, na mchungaji wao aliitwa André Trocmé. Ukitaka kujua ni nini kiliwapa watu wa kawaida uthabiti wa miaka minne mfululizo, huwezi kuiruka imani yao. Woga ungewaelekeza upande mwingine kabisa: waliokuwa na bunduki ni Wanazi.

Udhaifu wa kwanza wa jibu hili umejulikana tangu zama za Sokrates, mwanafalsafa wa Ugiriki, kama miaka 2,400 iliyopita. Swali alilouliza ni fupi lakini halijapata kuchoka: je, jema ni jema kwa sababu miungu wanalipenda, au wanalipenda kwa sababu ni jema? Ukichagua la kwanza, ukatili ungekuwa wema siku ungeamrishwa. Ukichagua la pili, umekiri kwamba kuna kipimo kinachoweza kutambulika hata kabla ya amri. Wanazuoni wa Kiislamu walilipigania jambo hili kwa karne kadhaa. Kundi la Mu'tazila lilisema akili inaweza kuutambua uzuri na ubaya wa tendo hata kabla ya ufunuo. Wafuasi wa Abu al-Hasan al-Ash'ari, aliyefariki karne ya 10, walisema tendo halina uzuri wala ubaya mpaka Mungu aamrishe au akataze. Wamaturidi, kundi la tatu, wakasimama katikati. Upande wa Wakristo, Thomas Aquinas (1225–1274) alifundisha kwamba akili ya binadamu hushiriki katika sheria ya Mungu ya milele, hivyo akili iliyo nyoofu na ufunuo haviwezi kupigana.

Mwanasaikolojia Larry Nucci aliwapelekea swali hilihili watoto waliolelewa katika dini kali, wakiwamo wa jamii ya Waamish. Kama Mungu asingeweka sheria ya kutofanya kazi Jumapili, ingekuwa sawa kufanya kazi siku hiyo? Wengi walisema ndiyo. Kama Mungu asingekataza kuiba, ingekuwa sawa kuiba? Wengi wakasema hapana, bado ni vibaya. Watoto hao walikuwa na imani kamili, ila walijua kutenganisha ibada na dhuluma.

Udhaifu wa pili ni wa msomaji. Mwaka 1845 Wabaptisti wa kusini mwa Marekani walijitenga na wenzao wa kaskazini kwa sababu ya utumwa, nao wa kusini waliutetea kwa Biblia. Mwaka 1995 kanisa lilelile likaomba radhi hadharani. Katika miaka hiyo 150 Maandiko hayakubadilika hata nukta. Kilichobadilika ni macho yanayoyasoma, na hapo ndipo unapolazimika kuuliza: macho hayo yalifunzwa na nani?

"Watu watasema nini?"

Mjomba hucheka ninapoyaita maneno yake nadharia, lakini yana ukoo mkubwa. Mwanahistoria Herodoto alisimulia kwamba Dario, mfalme wa Uajemi, aliwaita Wagiriki akawauliza wangetaka kiasi gani ili wale miili ya baba zao waliokufa. Wakasema hakuna mali ya kiasi hicho. Akawaita watu wa India waliojulikana kama Wakallatia, ambao ndiyo ilikuwa desturi yao kuwala wafu, akawauliza wangetaka kiasi gani ili wawachome moto, kama Wagiriki walivyofanya. Wakapiga kelele wakimsihi asitamke neno baya namna hiyo. Herodoto akahitimisha kwamba desturi ndiyo mfalme wa wote.

Kisa hiki hutolewa kila mara kuthibitisha kwamba maadili ni kila watu na yao. Mimi nikikisoma naona jambo jingine pia: pande zote mbili hazikubishana kama baba aliyekufa anastahili heshima. Zilitofautiana namna ya kumpa.

Nguvu ya jibu la mjomba ni kwamba ndilo linalofundisha haraka kuliko yote. Maadili huingia kama lugha. Hakuna mtoto aliyekaa darasani kufundishwa ngeli za nyumbani kwao, lakini ukikosea anakucheka. Na Kiswahili chenyewe kimeyatenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya: haya hukuzuia kabla hujatenda, aibu hukupata ukishatenda. Mtu asiye na haya hahofiwi kwa sababu hajui sheria. Anahofiwa kwa sababu macho ya watu hayamfikii.

Ubaya ni kwamba macho hayohayo humwingiza mtu kwenye uovu. Mwaka 1961, Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale aliwaita watu wa kawaida kwenye maabara, akawaambia wampige mtu shoti ya umeme kila anapokosea jibu, nguvu ikiongezwa hatua kwa hatua. Shoti zenyewe zilikuwa za uongo na anayepiga kelele alikuwa mwigizaji, ila washiriki hawakujua. Katika toleo linalojulikana zaidi, 26 kati ya 40 walifika mwisho wa mashine, volti 450, kwa sababu tu bwana mwenye koti la maabara alisema jaribio lazima liendelee. Jambo lisilosimuliwa sana ni toleo lingine, ambalo mshiriki aliketi na wenzake wawili waliopangwa kugoma. Hapo waliofika mwisho walikuwa 4 kati ya 40. Kwa hiyo watu wanakuvuta kwenye maovu, na watu haohao wanakutoa. Mjomba angesema, sasa si ndiyo ninachosema?

Pale ambapo simfuati ni hapa: kama jema ni lile tu ambalo jamii inalikubali, basi mtu wa kwanza kusimama katikati ya jamii yenye watumwa na kusema utumwa ni dhuluma alikuwa amekosea, na angeendelea kukosea mpaka apate wafuasi nusu pamoja na mmoja. Hilo halimezeki. Mwanafalsafa wa Ghana Kwasi Wiredu (1931–2022), ambaye aliandika sana juu ya maadili ya Waakan, alipinga wazo kwamba Waakan wanapata mema na mabaya kutoka kwenye dini. Kwake yeye msingi ni ustawi wa binadamu, na kujiweka katika nafasi ya mwingine bila upendeleo. Nimemtaja chini ya jamii, lakini tazama vizuri: hata yeye, mtetezi wa fikra za kijamii, hakusema jema ni chochote ambacho jamii inakitaka. Alitafuta kipimo ambacho jamii yenyewe inaweza kupimwa nacho. Sisi kipimo hicho tunacho neno lake, utu. Jamii nzima inaweza kukosa utu, na sentensi hiyo inaeleweka kwa kila mzungumzaji wa Kiswahili.

"Mwenzako anachongea na nini?"

Hapa nitakaa, maana ndipo nilipobadilisha mawazo.

Mengzi, mwanafalsafa wa China wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliweka mfano ambao hauhitaji elimu yoyote. Ukimwona ghafla mtoto mdogo yuko karibu kutumbukia kisimani, moyo unakustuka. Hustuki kwa kutaka sifa kwa wazazi wake au kwa jirani. Unastuka tu. Hiyo, alisema Mengzi, ni mbegu ya utu, na kazi ya malezi ni kuimwagilia. Baadaye Xunzi, wa shule hiyohiyo ya Konfusio, akampinga: asili ya binadamu ni mbaya, na wema wowote unaouona ni kazi ya mikono, kama ubao uliopinda unavyonyooshwa kwa mvuke. Mabishano ya "kuzaliwa nao au kufunzwa" ni ya zamani hivyo.

Siku hizi tuna zaidi ya mifano ya kufikirika. Mwaka 1871 Charles Darwin aliandika kwamba mnyama yeyote mwenye silika za kijamii angepata dhamiri mara akili yake ingekua kufikia ya binadamu. Mwaka 2003 Sarah Brosnan na Frans de Waal walichapisha jaribio la tumbili wa aina ya kapuchini: wawili wanafanya kazi ileile, mmoja analipwa kipande cha tango huku akiona mwenzake akipewa zabibu. Yule wa tango, aliyekuwa akilila bila shida muda si mrefu, akaanza kukataa. Sisemi tumbili ana dhamiri. Kukasirika kwamba mimi nimepunjwa ni jambo moja, kukasirika kwamba mwingine amepunjwa ni jingine kabisa. Ila unaona kuni ambazo moto huo huwashiwa.

Mwaka 2006 Felix Warneken na Michael Tomasello wakaonyesha kitu cha karibu zaidi na moyo. Mtu mzima mgeni anaangusha kitu, anakinyooshea mkono, hakifikii. Mtoto wa miezi 18 aliye pembeni, hajaombwa wala kuahidiwa chochote, anasimama kwa miguu isiyokaza vizuri, anakwenda, anakiokota, anampa. Katika watoto 24, 22 walisaidia angalau mara moja. Ambaye amewahi kumlea mtoto wa umri huo anajua pia kwamba dakika tano baadaye huyohuyo atamng'ata mwenzake mkono.

Hapa nitoe tahadhari, kwa sababu upande huu una mashabiki wanaotia chumvi. Mwaka 2007 utafiti uliopata umaarufu mkubwa ulisema watoto wa miezi 6 na 10 wanapendelea mwanasesere anayemsaidia mwenzake kupanda mlima kuliko anayemzuia. Watu wakatangaza kwamba tunazaliwa na maadili. Miaka ya karibuni maabara nyingi zikaungana kurudia jaribio hilo kwa watoto wengi zaidi, na upendeleo huo haukuonekana. Kwa hiyo ukisikia mtu anakuapia kwamba mtoto mchanga anajua haki na batili, mwulize kama habari hiyo imemfikia.

Ushahidi unaonigusa zaidi ni wa mwaka 1999, wa watu wawili tu. Antonio Damasio na wenzake walieleza habari za vijana walioumia sehemu ya mbele ya ubongo kabla hawajatimiza miezi 16. Walilelewa katika nyumba tulivu, na wazazi wasomi, na ndugu zao wakakua vizuri. Wao walikua wakiiba na kudanganya bila kujutia, na adhabu haikuwafunza chochote. Walimu walikuwapo, kanuni zilikuwapo, lakini mahali pa kuzipandia palikuwa pameharibika. Baada ya kusoma hilo sikuweza tena kusema kwamba malezi peke yake yanatosha. Malezi yanahitaji moyo wa kuyapokea, na moyo huo kwa sehemu ni nyama.

Lakini moyo nao una upofu wake, na ni mkubwa. Unamwona aliye karibu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, watu walioonyeshwa picha na habari za msichana mmoja mwenye njaa walichanga zaidi kuliko walioonyeshwa takwimu za mamilioni ya wenye njaa. Walioonyeshwa vyote viwili kwa pamoja walichanga pungufu kuliko walioonyeshwa msichana peke yake. Kadiri waliokufa wanavyoongezeka ndivyo moyo unavyonyamaza, na huo si mzani unaoweza kuukabidhi nchi. Isitoshe, moyo hauhisi huruma tu. Unahisi kinyaa pia, na kinyaa hicho kimewahi kuelekezwa kwa wagonjwa, kwa wageni, kwa watu wa rangi nyingine, kila mara kikijiona ni uadilifu.

"Kila mtu akifanya hivyo?"

Jibu langu lina jina la Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, ambaye mwaka 1785 aliweka kanuni: tenda kwa namna ambayo ungetaka iwe sheria ya wote. Kisha lina Jeremy Bentham, mwanafalsafa wa Uingereza, ambaye mwaka 1789 alipima matendo kwa raha na maumivu yanayoleta, na akauliza juu ya wanyama: swali si kama wanaweza kufikiri au kusema, bali je, wanaweza kuumia? Hiyo ndiyo sifa kubwa ya akili. Inavuka mpaka ambao huruma imechokea. Inakulazimisha kumhesabu mtu usiyempenda, usiyemjua, hata asiyezaliwa bado.

Ila ikiachwa peke yake inakuwa na baridi ya ajabu. Mwaka 1797 Kant huyohuyo aliandika kwamba hata muuaji akija mlangoni kukuuliza rafiki yako amejificha wapi, huruhusiwi kumdanganya. Mwaka 1961, Adolf Eichmann, aliyeratibu usafirishaji wa Wayahudi kwenda kuuawa, alidai mbele ya mahakama Jerusalem kwamba ameishi kwa kanuni ya Kant, na alipoulizwa akaieleza karibu sawasawa. Mwanasaikolojia Jonathan Haidt alidai mwaka 2001 kwamba mara nyingi tunahukumu kwanza kwa hisia, kisha akili inaitwa kama wakili kutafuta maneno ya kututetea. Nikikumbuka mabishano niliyowahi kushinda, sina la kumjibu.

Na kuna jambo dogo lililonichekesha siku nzima. Eric Schwitzgebel, mwanafalsafa wa Marekani, alikagua maktaba za vyuo vikuu na kukuta vitabu vya maadili vimepotea zaidi kuliko vitabu vya kulinganisha navyo vya tawi jingine la falsafa. Vitabu vyenyewe si vya wapita njia. Anayeviazima ni yule aliyezama katika somo la mema na mabaya.

"Changu nitakificha." Mtoto wangu alikuwa ameikuta mapema ile njia ambayo kila mwerevu huikuta: sheria iwe ya wote, isipokuwa mimi.

Manne mbele ya mtihani mmoja

Asubuhi ya tarehe 16 Machi 1968, rubani wa helikopta wa jeshi la Marekani, Hugh Thompson, alikuwa akiruka juu ya kijiji cha My Lai, Vietnam. Chini aliwaona wanajeshi wenzake wakiwaua wanawake, wazee na watoto. Akatua kati ya wanajeshi hao na wanakijiji waliokuwa wamejificha kwenye handaki. Akawaambia wenzake wawili wa ndani ya helikopta kwamba Wamarekani wakiwafyatulia risasi raia hao, wao wawafyatulie Wamarekani. Watu waliokuwa handakini wakaondolewa salama, na baadaye mmoja wa wenzake akaingia mtaroni kati ya maiti akamtoa mtoto aliye hai. Nyumbani wako waliomwita msaliti. Nishani iliyolitambua tendo hilo kama lilivyokuwa aliipata mwaka 1998.

Sasa yapitishe majibu manne hapo. Jamii? Jamii yake ya siku ile, yenye sare moja na lugha moja, ndiyo iliyokuwa ikiua, na amri zilitoka juu. Mjomba atasema kwamba kuna jamii nyingine nyuma yake, ya nyumbani, iliyomlea, na ni kweli. Akili? Hakukuwa na muda wa kupima kanuni. Imani? Huenda ilikuwapo, ila wauaji nao walitoka kwenye nchi yenye makanisa yaleyale. Kilichotangulia ni macho kuona miili. Ila macho hayo wengine walikuwa nayo pia, na walikuwa karibu zaidi kuliko yeye. Kwa hiyo siwezi kusema moyo peke yake. Ninachoweza kusema ni kwamba bila kustuka kule kwa kwanza, hayo mengine yote hayangepata pa kuanzia.

Basi uchague lipi?

Inategemea unataka jibu la kazi gani, na hapa sitajificha nyuma ya "yote yana umuhimu wake".

Kama unalea mtoto, anza na jibu la mama. Mwaka 1967 Martin Hoffman na Herbert Saltzstein walilinganisha namna wazazi wanavyokanya, wakaona kwamba kumwonyesha mtoto alivyomwathiri mwenzake kulienda pamoja na dhamiri iliyokomaa, kuliko vitisho na mabavu. Samuel na Pearl Oliner, waliowahoji mamia ya watu waliowaokoa Wayahudi Ulaya, walichapisha mwaka 1988 jambo linalofanana: waokoaji wengi walikumbuka wazazi waliowaeleza sababu zaidi ya kuwapiga. Fimbo inamfundisha mtoto uzito wa mkono wako. Kilio cha mwenzake hakimfikii kwa njia hiyo.

Kama uko peke yako na hakuna atakayejua, na wewe ni mtu wa imani, jibu la bibi ndilo litakalokubeba. Usilionee haya. Kama huna imani, tafuta kitu kingine kinachofanya kazi gizani, maana sifa za watu hazifanyi, na hoja zako usiku zinakuwa za kujipendelea.

Kama unatunga sheria au unagawa dawa zisizotosha wagonjwa wote, moyo uketi nyuma, akili ishike usukani. Hapo huruma kwa sura moja ni dhuluma kwa mia zisizoonekana.

Na kama mko watu wa imani tofauti mnaotakiwa kukubaliana, msianze na chanzo. Tarehe 10 Desemba 1948 Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipita kwa kura 48, hakuna aliyepinga, nchi 8 zikijizuia. Katika waandishi wake wakuu walikuwamo Charles Malik, Mkristo wa Lebanon, na P. C. Chang wa China, aliyeleta fikra za Konfusio. Mwanafalsafa Jacques Maritain alieleza hali ya makubaliano ya namna hiyo kwa mzaha wenye ukweli: tunakubaliana juu ya haki hizi, kwa sharti kwamba hakuna atakayetuuliza kwa nini.

Jibu la mjomba sikulipa kazi ya kuhukumu. Ni mwalimu hodari, hakimu dhaifu. Nilimwambia hivyo usoni, tena kwa kujiamini.

Kesho yake jioni nikamuuliza mwanangu kama amekirudisha kichongeo. Akasema ndiyo.

"Ulimwambiaje mwenzako?"

Hakumwambia kitu. Alisubiri wote watoke kucheza, akakiingiza kwenye begi la mwenzake, akafunga zipu, akakimbia kuwafuata. Mama yake akamuuliza kwa nini hakumpa tu mkononi na kumwomba msamaha.

"Wengine wangeniona," akasema.

Mjomba, aliyekuwa anakunywa chai, akaweka kikombe chini taratibu na kunitazama.